Kijiko Kusimama Dede

Mfupa niliukuta mlangoni alfajiri,
umefungwa gazeti la wiki jana na kamba ya katani,
na nje hapana mtu. Umande ulioganda tu,
na juu yake mstari wa gurudumu la baiskeli
uliokuja umenyooka na kurudi umepinda.
Douwe. Nani mwingine huendesha kama anayekwepa kuku?

Miaka miwili kaka yangu hajanisemesha.
Tuligombana siku tatu baada ya kumzika mama,
si kwa shamba, si kwa fedha: kwa sufuria.
Hii hapa, ya chuma, mkono mmoja umekatika,
nzito kama mtoto aliyelala.
Nikaichukua. Akanipa kisogo.
Lakini mguu wa nguruwe ni mguu wa nguruwe,
na Douwe akichinja hawezi kuacha mfupa wangu
uliwe na mbwa.

Basi. Maji ya baridi, mfupa ndani,
nyama yake bado ya waridi, ngozi inanukia moshi.
Povu la kijivu linapanda, naliengua, linapanda tena,
kama jirani yangu Tjitske na habari zake.
Kisha njegere zilizopasuliwa, nusu kilo na konzi moja,
kavu, zinagonga chuma kama mvua ya mawe.
Siloweki. Mama aliloweka, Douwe huloweka,
mimi siloweki, na hilo nalo tuligombania.

Saa ya kwanza sufuria haidai kitu.
Namenya mzizi wa seleri, mbaya wa sura, mtamu wa roho;
nakata liki, karoti, viazi viwili.
Dirishani watoto wa shule wanapima barafu ya mfereji
kwa rula ya hesabu: sentimita sita. Wanabishana. Saba.

Saa ya pili ndiyo yenyewe.
Njegere zimesahau umbo, zimekuwa uji,
na uji unapumua, pwa, pwa,
unanitemea matone ya moto kifundoni mwa mkono.
Nyumbani kwetu ni mwiko kuuweka mwiko chini.
Ukigeuka kupiga chafya tu, chini panashika,
na ukoko wa njegere haufichiki:
uchungu wake hupanda mpaka juu, kila bakuli litasimulia.

Hapo simu ikalia.

Ile ya ukutani, sebuleni, hatua kumi na moja.
Hakuna anayeipiga isipokuwa wauza bima
na mtu mmoja asiyetaka kujifunza namba mpya.
Ikalia mara tisa. Nikakoroga.
Ikanyamaza. Nikakoroga.
Ikalia tena, nami nikaiambia kwa sauti,
"Douwe, unajua kabisa niko wapi!"
na mvuke ukanijaa machoni, tuseme mvuke.

Mfupa ulitoka mweupe, nyama imeuacha bila ugomvi.
Nikaichambua kwa vidole, nikairudisha.
Usiku nikaiweka sufuria nje, ikalale na baridi,
maana supu hii hailiwi siku ya kupikwa;
anayeila siku hiyo amekunywa maji ya njegere.

Asubuhi nikafunua. Kijani kizito, kimya.
Nikachomeka kijiko katikati, nikakiachia.
Kikayumba kidogo, kikasimama dede
kama mtoto anayeishangaa miguu yake.

Ndipo nikapiga mimi. Akapokea kabla ya mlio wa pili.
Salamu hakuna.
"Kimesimama?"
"Kimesimama."
"Uliloweka?"
"Sikuloweka."
Kimya kirefu; nikasikia saa ya mama ikigonga kwake,
saa ambayo mimi nami niliitaka.
"Mkate mweusi unao?"
"Wa juzi."
"Nitaleta wa leo," akasema, akakata.

Nimewasha moto mdogo kabisa. Nakoroga.
Watoto wanapiga kelele kwamba barafu imefika nane,
na njia ya kuja kwangu ni nyeupe,
bado haina mstari.